Mdiria wa Desemba

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu yeyote, Shangazi alichemsha maji, akakimwagia kikombe chake ndani na nje, akayamwaga maji yale uani, kisha akakinusa kikombe. Hakukitazama, alikinusa. Aliingiza pua yote humo, akafumba macho, na akikuta hata harufu ya mbali ya sabuni ya jana alianza upya. Kikishapita mtihani alikikausha kwa kitambaa chake mwenyewe, akakifunga humo kama mtoto mchanga, akakitia kwenye mkoba wa kwenda nao kazini. Ndipo alipokuja kutuamkia.

"Wifi," Mama alimwambia, "hicho kikombe kingekuwa na miguu kingeshakukimbia."

"Kikimbie tu. Lakini kitakimbia kisafi."

Alikuwa dada mkubwa wa Baba, na tangu Baba aende kufanya kazi mbali yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba. Alichukizwa haraka. Unywele kwenye sabuni ulimharibia siku. Mtu akilamba kidole ili afungue mfuko wa plastiki, Shangazi aligeuza uso ukutani. Aliweza kukaa na njaa mpaka jioni kwa sababu tu amemwona mpishi akijikuna. Mimi nilimwelewa, maana na mimi mambo hayo huniingia mwilini, ila yeye aliyasema na mimi nilinyamaza.

Sasa mwanamke huyohuyo, siku zake za mapumziko, alikwenda kulala kifudifudi kando ya mabwawa ya majitaka.

Nianze na studio, maana kazi yake ilikuwa huko. Ilikuwa studio ya picha katika mtaa wa maduka, chumba kimoja kirefu chenye kioo mbele. Mama alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya studio hiyo, mimi nikikaa pembeni yake kwenye kigoda, nikishona vifungo na kukunja mapindo. Kati yetu na chumba cha kupigia picha palikuwa na kioo tu, tena chenye ufa. Tuliona kila kitu na kusikia karibu kila kitu.

Tuliloliona zaidi lilikuwa koti. Studio ile ilikuwa na koti moja jeusi na tai moja nyekundu, vya kuvaliwa na yeyote aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho bila kujiandaa. Dereva alilivaa, mwanafunzi alilivaa, bwana harusi alilivaa, na mtu aliyekuwa na mafua makubwa alilivaa akapigia chafya humohumo. Ukosi wake ulikuwa umepata ngozi ya pili, inang'aa, ya mafuta ya shingo za watu wa mtaa mzima. Kando ya koti palining'inia chanuo kwa uzi, lenye nywele za rangi zote, na kopo la poda lenye kipande cha sifongo kilichoanza kazi kikiwa cheupe. Halafu kulikuwa na chupa ya kunyunyizia maji kwenye nywele zilizokataa kulala. Maji yake yalikuwa na kijani kwa ndani. Shangazi alilifua koti mara mbili kwa siri, na mara zote mbili mwenye studio akalalamika kwamba limepauka.

Mwenye studio tulimwita Tabasamu. Ndilo neno lake: "Inua kidevu, tabasamu kidogo, kidogo tu, usinionyeshe ulichokula." Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye meno mengi, na mkono wake ulikuwa na unyevunyevu ambao sikuwahi kujua unatoka wapi. Kwenye kompyuta alikaa kijana mwembamba, tulimwita Kifutio. Kazi yake ilikuwa kufuta: chunusi, makovu, mikunjo, kidevu cha pili. Mtu alikuja na uso wake akaondoka na uso wa Kifutio. Alikula karanga akifanya kazi, na maganda yalikaa baina ya vitufe vya kompyuta mpaka yakaota ukungu.

Shangazi ndiye aliyekuwa mpigapicha hasa. Tabasamu alipokea watu, Kifutio alifuta, yeye alipiga. Na kwenye kabati la studio, ndani ya sanduku lenye sifongo, kulikuwa na lenzi ndefu ajabu iliyoachwa na mwenye studio wa kwanza. Sisi tuliiita bomba. Haikufaa kupigia watu; ukiielekeza kwenye uso wa mtu kutoka ng'ambo ya chumba unapata jicho moja. Tabasamu alimruhusu Shangazi aichukue siku za mapumziko kwa sharti kwamba aitunze. Aliitunza kuliko sisi sote.

Kwa bomba hilo ndipo alipowaona ndege.

Mabwawa ya majitaka yako nyuma ya mji, pale mabomba ya vyoo vyote yanapomalizia safari. Harufu inakupokea mapema kuliko mlinzi. Mara ya kwanza niliyofuatana naye nilitapika nyuma ya kibanda cha mlinzi, na mlinzi akaniambia, "Pole, mwanangu. Ukirudi wiki ijayo utatapika kidogo. Mwezi ujao utakula chakula hapahapa." Sikufika huko. Lakini Shangazi, aliyeshindwa kunywa chai kwa sababu ya alama ya mdomo kwenye kikombe, alitandika kipande cha turubai kwenye tope, akalala, akatuliza bomba juu ya mfuko wa mchanga, akaacha hata kuziba pua.

Nilimuuliza. Akasema, "Hapa hakuna anayejifanya."

Alijua majira ya pale kama mtu anavyojua ratiba ya jirani. Wakati wa masika maji yalifurika, matete yakanenepa, na mnana wakafuma viota vyao kwenye ncha kabisa, wakigombana kama wanawake wa bombani. Kipupwe kilipoingia yangeyange walisimama juu ya utando ule mzito wa maji, weupe hata ukashindwa kuelewa hiyo miguu wanaiosha wapi. Vuli iliwaleta ndege wageni kutoka mbali, wembamba, wenye midomo kama sindano za Mama, wakitoboa tope mchana kutwa. Kiangazi maji yalirudi nyuma, tope likapasuka, samaki wadogo wakafia kwenye madimbwi na kenge wakaja kufanya karamu. Nilimwona kenge mmoja akimeza kinda la ndege likiwa linapiga kelele bado, sauti ikaendelea ndani ya koo lake. Niliinama. Shangazi alipiga picha mpaka mwisho.

"Humwoni kuwa anachukiza?" nilimuuliza.

"Kenge ana njaa tu," alisema. "Uchafu ni wa mwenye akili."

Lakini aliyempenda zaidi ya wote alikuwa mdiria, yule ndege mdogo wa bluu mwenye mdomo mrefu anayevua samaki. Jike mmoja, ambaye ncha ya mdomo wake ilikuwa imekatika kama kalamu iliyodondoka, alikuwa na tundu kwenye ukingo wa bwawa la mwisho. Tundu la mdiria, nikwambie ukweli, linanuka kuliko choo cha stendi. Ndani mna miiba ya samaki, mavi ya makinda na maji meusi yanayochuruzika mlangoni. Ndege yule aliingia humo na samaki, akalisha watoto, akatoka kinyumenyume amejaa uvundo. Na kila alipotoka, kabla hajafanya jambo jingine lolote, alijirusha majini, akatoka, akajirusha tena, akatoka, akakaa kwenye ufito akijipangusa unyoya mmoja mmoja. Kila mara. Hakuwahi kuruka hata siku moja bila kuoga kwanza.

"Umeona?" Shangazi alininong'oneza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. "Umeona hiyo?"

Hiyo ndiyo picha aliyoitaka: ndege ametoka tunduni, amejipiga majini, matone yametawanyika, mabawa wazi. Misimu ilipita. Alipata mkia, alipata mduara wa maji bila ndege, alipata ndege amefumba macho. Hakuipata yenyewe.

Katikati ya kuhangaika huko Tabasamu akaja na habari. Duka kubwa la rangi lilitaka kalenda ya ukutani ya kugawia wateja, na mwenye duka alikuwa ameziona picha za Shangazi kwenye kioo cha studio.

"Ndege kila mwezi!" Tabasamu alisema, akija mpaka barazani ili na sisi tusikie. "Na chini ya kila ndege, jina lako. Si la studio. La kwako, dada."

Shangazi aliingia ndani, akachemsha maji, akaosha kikombe ambacho alikuwa amekiosha asubuhi.

Mama alipomuuliza jioni kama amefurahi, alijibu, "Wifi, mimi maisha yangu yote nimepiga nyuso za watu, na nyuma ya picha panagongwa muhuri wa studio. Acha kwanza nilione hilo jina."

Tangu siku ile tulijua nyumba nzima anangoja nini. Picha zilichaguliwa, mwezi baada ya mwezi, mpaka ikabaki Desemba. Desemba aliiweka kwa ajili ya mdiria anayeoga, wala hakutaka kusikia la ndege mwingine. Tabasamu alimpigia kelele kwamba mchapaji anangoja, kalenda haiwezi kutoka Januari imeshapita. Shangazi akamwambia makinda yameanguliwa juzi, jike anaingia na kutoka kutwa, safari hii haitapita.

"Basi angalau nipe zile kumi na moja," Tabasamu alisema. "Na unipe nzimanzima, usizikate. Mchapaji anataka kukata mwenyewe."

Hapa lazima nieleze. Shangazi hakuwahi kumwonyesha mtu picha ya mabwawani kabla hajaikata. Alikata bomba la zege, alikata mifuko ya plastiki, alikata nguzo nyekundu zenye maandishi ambazo idara ya maji ilizisimika kuonyesha mabwawa yanapoanzia na kuishia. Alisema mtu akiona bomba kwenye picha anaanza kuinusa. Kwa hiyo watu waliotazama kioo cha studio walidhani ndege wale wako kwenye mto fulani wa mbali, na hata Tabasamu alidhani hivyo. Mpigapicha wa ndege huficha tundu kuliko anavyoficha siri zake za ndani, kwa sababu tundu likijulikana, limekwisha. Shangazi alilijua hilo vizuri. Ila kazi ilikuwa imepamba moto, jina lake lilikuwa linakuja, na alitoa zile picha nzimanzima. Aprili ilikuwa ya yule mdiria, amekaa mlangoni kwa tundu lake, na pembeni yake nguzo nyekundu inasomeka vizuri kabisa.

Siku chache baadaye, asubuhi, nilikuwa nakunja pindo la suruali. Shangazi alikuwa ndani anatengeneza chai yake. Studio ilikuwa na friji dogo chini ya kaunta, la tangu enzi za filamu, na sasa humo walitunza maziwa na soda. Nilimwona kupitia kwenye ufa akimimina, akinywa funda moja, akisimama. Akakinusa kikombe. Akainusa chai. Akafungua friji, akaunusa mfuko wa maziwa. Kisha akapiga magoti na pua ikatangulia, kama paka, ndani ya friji lenyewe.

Akatoa kopo la aiskrimu.

Ndani ya kopo mlikuwa na soksi mbili za mtoto mchanga, za manjano, zimefungwa midomo kwa mpira wa kufungia noti. Aliifungua ya kwanza. Akatoka nayo barazani, kwenye mwanga, akaimiminia juu ya kitambaa mapajani mwa Mama. Alikuwa mdiria dume, amekufa, mgumu kama ndizi iliyosahauliwa. Vidole vyake vilikuwa vimeshikana kwa gundi ya panya, ile ya kahawia inayonata, na kwenye bawa palibaki kipande cha uzi wa nailoni.

"Yarabi," alisema Mama, akanyanyua mikono juu. Hakumtupa. Alibaki hivyohivyo, mikono hewani, kama mtu aliyeporwa.

Katika soksi ya pili alikuwa jike. Ncha ya mdomo imekatika. Alikuwa baridi, amenyauka, macho nusu, lakini kifuani palipwita. Vidole vyake navyo vilikuwa gundi tupu, na pamba ya soksi ilikuwa imenasia humo.

"Mafuta," Shangazi alisema.

Mama akampa kidumu cha mafuta ya cherehani bila kuuliza. Shangazi akamlaza ndege kwenye kiganja, akamtia tone, akasugua kidole kimoja kimoja kwa pembe ya kile kitambaa chake cha kikombe. Ndege akamnyea. Hakufuta. Alipomaliza alifungua vifungo viwili vya blauzi, akamweka ndege kwapani, ndani kabisa, kwenye ngozi, akafunga. Nilimtazama mwanamke yule ambaye hakukubali kulala kwenye mto wa mtu mwingine, amesimama barazani na uvundo wa samaki kwapani.

"Maziwa yale," alisema taratibu, "nimeyanywa siku zote hizi."

Tabasamu na Kifutio walikuwa bado hawajafika. Tulikwenda mabwawani kwa miguu, mimi na yeye, bila kamera.

Mlinzi alitupokea vizuri. "Mama Picha! Na juzi bosi wako alikuja. Mtu mcheshi kweli! Alikuwa na picha mkononi, anailinganisha na nguzo moja baada ya nyingine, na kijana mmoja nyuma yake kabeba jembe na wavu. Nikamuuliza jembe la nini, akasema wewe ndiye uliyewatuma. Nikajua sasa na wenyewe wamependa ndege."

"Asante, baba," Shangazi alimjibu, maana alikuwa na adabu hata pale.

Ukingo ulikuwa umefukuliwa. Walianza mlangoni wakafuata tundu mpaka mwisho, kama watu wanaotafuta bomba lililoziba. Udongo ulikuwa umemwagika mpaka majini, na ndani yake miiba ya samaki iling'aa. Makinda walikuwa wametupwa pembeni, juu ya nyasi, kwa kuwa hawakufaa: bado hawakuwa na manyoya ya rangi. Siafu walikuwa wameshafika. Sitaeleza zaidi. Nilitapika, na safari hii haikuwa kwa ajili ya harufu ya bwawa.

Shangazi alichuchumaa, akamtoa jike kwapani. Alikuwa amepata joto. Alikaa kiganjani, akatikisa kichwa, manyoya yake yamelowa jasho na mafuta, amebandikwabandikwa kama nywele za mtu aliyeamka na homa. Alikunya tena. Kisha akaruka, chini chini, upande upande, akatua kwenye ufito wake.

Tulingoja. Najua Shangazi alingoja nini kwa sababu na mimi nilikingoja hichohicho. Maji yalikuwa pale chini yake. Mdiria aliyatazama. Alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akaruka akaingia kwenye matete ya ng'ambo, na hatukumwona tena.

"Hakuoga," Shangazi alisema.

Shangazi naye alinawa? Hapana. Alirudi mjini na mikono ile ile, blauzi ile ile yenye madoa meupe kuanzia kwapani mpaka kiunoni, na watu njiani walimpisha.

Tulipofika studio palikuwa na mteja, mzee mmoja aliyetaka picha ya kitambulisho. Alikuwa amekwisha kuvalishwa koti na tai, amekaa kwenye kiti anangoja mpigapicha. Tabasamu alikuwa amefungua meno yote.

"Umechelewa, dada, lakini leo nimekusamehe bila kuombwa! Desemba imezaliwa!"

Kifutio akageuza kompyuta. Na mimi niliiona, kupitia kwenye ufa. Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililonichefua zaidi, kwamba ilikuwa nzuri. Mdiria jike juu ya ufito, mabawa wazi kama feni, matone yametapakaa pande zote yakishika mwanga, nyuma yake kijani kilichofifia. Ungesema ametoka majini sasa hivi.

"Kijani hiki ni kipi?" Shangazi aliuliza.

"Pazia letu la studio, lile lenye picha ya maporomoko," Kifutio alisema kwa fahari. "Nimelififisha."

"Na maji?"

"Chupa ya nywele," akasema Tabasamu, akacheka. "Nilinyunyiza mpaka kidole kikaniuma."

"Mabawa?"

"Uzi. Kifutio kaufuta. Na gundi ya miguuni kaifuta. Hata mama yake mzazi hawezi kutambua kwamba alifungwa. Ukimweka kwenye friji kidogo anatulia kama mtoto aliyeshiba, hana matata. Yule wa kwanza nilimwacha sana, akaniharibikia. Huyu wa pili nilimpatia."

"Na makinda?"

"Makinda yapi?" Hakuwa anajifanya. Alikuwa amesahau kweli.

Tabasamu akaona madoa kwenye blauzi ya Shangazi, akaona mikono yake, na meno yakapungua kidogo.

"Sikiliza, dada. Wewe ungengoja mpaka lini? Mchapaji hangoji ndege apate nafasi ya kuoga. Na hebu niambie, tofauti iko wapi? Huyu mzee hapa nimempaka poda isiyo yake, nimemvika koti lisilo lake, nimemgeuza shingo, na Kifutio atamfuta nusu ya umri wake. Umewahi kumlilia? Kila anayekaa kwenye kiti kile tunamfunga uzi. Ndege ni nani?"

"Hawa huvua koti wakaenda kwao," Shangazi alisema.

"Jamani," mzee akasema kutoka kwenye kiti, "mimi napigwa au sipigwi? Hili koti linaniwasha."

Shangazi akamwendea. "Samahani, baba. Livue." Akamvua tai, akamvua koti, akalitundika. Nadhani hapo ndipo alipokumbuka mikono yake, maana alikwenda kwenye beseni la nyuma akaisugua kwa sabuni mpaka viwikoni. Akarudi, akamfuta mzee poda shingoni kwa kitambaa safi, akamnyooshea ukosi wa shati lake, la zamani lakini la kwake. Akampiga. Hakumwambia atabasamu. Mzee akatoka pichani kama alivyo, na Shangazi akamwambia Kifutio, "Hiyo usiiguse."

"Jina langu lifute," alisema. "Si unajua kufuta?"

"Kumi na moja zimeshapigwa chapa!" Tabasamu akapaza sauti. "Na zote zina jina. Sasa unataka Desemba iwe yatima? Dada, fikiri. Ukitoka hapa bomba linabaki. Utawatazama ndege wako kwa macho matupu?"

Shangazi alikwenda kwenye kabati. Alitoa bomba sandukuni, akakaa nalo kwenye kaunta. Alipuliza vumbi. Alipangusa kioo cha mbele kwa duara, kutoka katikati kwenda nje, kama alivyofanya siku zote, halafu kioo cha nyuma, halafu akafunga vifuniko vyote viwili na kulilaza kwenye sifongo lake. Alichukua muda. Tabasamu alimtazama akadhani anabadilisha mawazo; nilimwona akimkonyeza Kifutio.

Kisha Shangazi akachukua kikombe chake, kilichokuwa bado kaunta na chai ya asubuhi iliyoganda utando. Aliimwaga chai kwenye beseni. Akaingiza pua kikombeni. Alikaa humo muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona. Halafu akakiweka juu ya friji, taratibu, bila kelele, akatoka.

"Atarudi," Tabasamu alitutangazia barazani. "Mwenye pua kama ile atapata wapi kazi?"

Mama alisimama, suruali ya mteja mmoja ikamwanguka. "Wifi! Kikombe chako! Wifi, nikuletee?"

Shangazi alikuwa ameshavuka barabara. Hata siku alipomletea Mama chakula, miezi mingi baadaye, alisimama ng'ambo ileile na kuniita mimi nikipokee. Siku ile hakugeuka. Alitembea akipita duka la rangi, akipita kona, blauzi imemgandia upande mmoja, na mkono wa kushoto ameuweka mbali na mwili kidogo, kama bado kuna kitu kwapani asichotaka kukibana.